Fishi Kumi na Moja

Kwenye kilio cha Faustin nilipewa kiti cha mbele, karibu na padri, kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali. Ndege ilinishusha Kigali, gari likanifikisha Gisenyi, na mpaka niliuvuka kwa miguu nikivuta sanduku langu, maana uwanja wa ndege wa Goma umefungwa na hakuna anayejua utafunguliwa lini. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba mbili za mbao, kule mtaa wa Mabanga, na wanawake walikuwa wakipita na chupa za chai. Faustin alifundisha Kifaransa katika shule ya sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa na presha, na dawa alizozizoea zilikuwa zimekosekana mjini kwa wiki kadhaa. Alianguka mbele ya wanafunzi wake asubuhi, chaki ikiwa bado mkononi. Muzee mmoja wa familia alisimama, akanielekezea mkono. “Tuko na Mama Dokta Kahindo hapa,” alisema. “Alitumika kazi na Faustin zamani, wakiwa vijana. Dokta, utuambie neno kidogo.” Nikasimama. Nilisema kwamba Faustin alijua kumuuliza mutu swali, kisha akanyamaza hadi mutu amalize kujibu, na kwamba kati ya wasomi wote niliowafahamu tangu hapo, wachache sana wanaweza kitu hicho. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nikakaa. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Hiyo ndiyo tabia yangu: nasema kweli, ila nachagua ipi. Hapa nataka kuandika mwaka ule mzima bila kuchagua.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimemaliza chuo, nimekaa miezi mingi bila kazi. Mji wenyewe ulikuwa haujapoa vizuri. Mtaa wa katikati ulikuwa bado ni mawe meusi ya volkano, na watu walikuwa wakijenga juu yake nyumba za mbao kama kwamba mlima umeahidi kutorudia. Siku moja niliona tangazo kwenye ubao wa chuo: chuo kikuu kikubwa cha Ulaya kilitafuta wasaidizi wawili wa utafiti kwa mwaka mmoja. Siku ya kuhojiwa tulijaa kwenye ngazi, kila mtu na bahasha yake, kila mtu akimtazama jirani kwa jicho la pembeni. Kijana mmoja mrefu, shati lake limepigwa pasi mpaka mishono inang'aa, alikuwa akimweleza msichana aliyekaa karibu naye jinsi ya kuchagua nyumba za kuuliza katika kijiji bila kupendelea. Alikuwa akimfundisha mpinzani wake. Nilimwona mjinga. Jioni walipotoa majina mawili, moja lilikuwa langu na la pili lilikuwa lake. “Faustin,” aliniambia, akinipa mkono. “Wa Rutshuru. Nilikuwa naomba usikuwe wewe, juu ya vile uliniangalia vibaya sana.” Nikacheka. Ndivyo tulivyoanza.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mama Zawadi, mjane aliyeishi karibu na ziwa. Kuta zilikuwa za mbao, na mbao zilikuwa na nyufa, kwa hiyo tulisikia kila kilichosemwa jikoni kwake na yeye alisikia kila kilichosemwa kwetu. Tulikuwa na meza mbili, kompyuta moja, ramani ya wilaya ya Rutshuru iliyopigiliwa misumari minne, na kikapu kikubwa cha plastiki ambamo tuliweka karatasi za maswali. Sisi tuliziita fishi. Kila fishi ilikuwa mtu mmoja: jina lake, kijiji chake, shamba lake, alikimbia lini, alirudi lini, na alipolirudia shamba alimkuta nani ndani yake. Huo ndio uliokuwa utafiti. Watu wengi walikimbia vita, na waliporudi walikuta maharagwe ya mtu mwingine yamechanua juu ya mipaka yao. Saa sita Mama Zawadi alituletea bugali, sombe ya majani ya muhogo, na siku za bahati sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa wakakauka vizuri, na hakuondoka kabla hajasema neno. “Munauliza batu habari ya mashamba,” alituambia, “na nyinyi wawili hamuna hata fasi ya kupanda kitunguu.” Faustin alimjibu kwamba ndiyo sababu tunauliza, labda mmoja wao atatuhurumia. Mama Zawadi alicheka mpaka akashika ukuta. Nikiulizwa leo nilikuwa na furaha lini maishani, chumba kile ndicho kinachokuja kwanza, na ninajionea haya kukitaja.

Profesa alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, aliyekuja Goma mara tatu au nne kwa mwaka. Alituheshimu. Alikula kwa Mama Zawadi kwa mkono kama sisi, na alisoma fishi zetu moja moja, akiweka alama ndogo ya penseli mahali ambapo jibu lilionekana la haraka. Alipokuja mara ya pili, mvua za masika zikiwa zimeanza, alituketisha na kutuambia kwamba chuo chake kimepata nafasi moja ya masomo ya udaktari wa falsafa, miaka minne, yenye ufadhili kamili, na kwamba angependa aipate mmoja wetu. Mmoja. Angeamua mwisho wa kiangazi, akishaona kazi yetu yote. Alipoondoka tulibaki tumekaa, kila mtu kwenye meza yake. Upande wa pili wa ukuta Mama Zawadi aliacha kutwanga sombe. “Sikiliza, Kahindo,” Faustin alisema mwishowe. “Vita iko ya kutosha inje. Tusilete ingine humu ndani. Akikuchagua weye, nitakubebea sanduku. Akinichagua miye, utanibebea.” Nilisema sawa. Nilikuwa namaanisha, nadhani. Lakini kuanzia siku hiyo nilianza kuhesabu: alama za penseli kwenye fishi zake, alama za penseli kwenye zangu. Zake zilikuwa chache.

Sababu yake niliijua, nilikuwa nimeiona katika kijiji cha Kibumba. Tulimhoji pale bibi mmoja mwenye kabichi na viazi, aliyetukaribisha kwenye benchi nje ya nyumba yake huku baridi ya mlima ikitukata masikio. Mimi niliuliza maswali kwa mpangilio, kalamu mkononi. Katikati bibi aliniangalia na kusema, “Mwanangu, haya maswali yako, yatanirudishia shamba?” Nilianza kumweleza habari za utafiti, na sera, na manufaa ya baadaye. Faustin alinigusa mkono. Akamwambia kwa Kinyarwanda, kisha akanieleza kwa Kiswahili, “Nimemwambia hapana. Hayatamurudishia kitu.” Bibi akaanza kusema, na akasema saa nzima, mambo ambayo hayakuwa hata kwenye fishi: nani alimficha, nani alimuuza, mwanawe yupi alizikwa katika kona ipi ya shamba linalolimwa sasa na mwingine. Mimi nilikuwa na shahada sawa na ya Faustin, na Kifaransa changu kiliandikika vizuri zaidi. Lakini watu hawakunifungukia namna ile. Tuliporudi kwenye barabara kungoja gari nilimwambia, kwa kijicho nilichokivika nguo ya utani, kwamba nafasi ni yake. Alitikisa kichwa. “Yule mama amelia mbele yangu, na miye naandika alama ya ndiyo na hapana. Hiyo ndo doktora?”

Orodha ya vijiji vya mwisho ilifika mwanzo wa kiangazi, imetiwa sahihi na Profesa. Kibumba ilikuwa kwa Faustin. Vijiji vilivyo mbali ng'ambo ya mji wa Rutshuru vilikuwa kwangu. Wiki hiyo basi dogo lilikuwa limesimamishwa njiani kule na watu wenye bunduki, na abiria wengine walipelekwa msituni. Wawili walirudi, na walichosimulia kilipita jiko hadi jiko mpaka kikafika kwa Mama Zawadi, nasi tukakisikia kupitia nyufa za ukuta. Sikuweza kula. Siku mbili nilikaa mbele ya ramani. Ningeweza kumwandikia Profesa kwamba naogopa, na najua angenielewa, lakini niliona angenielewa kama vile mtu anavyomwelewa asiyefaa kupewa nafasi. Siku ya tatu nililia, mbele ya Faustin, kama mutoto. Aliondoa orodha mezani. “Fanya zangu za Kibumba,” alisema. “Miye nitafanya zako. Kule ni kwetu, banajua sura yangu.” Nikamuuliza, na Profesa? “Profesa anataka fishi. Akiziona, hataulizia miguu ya nani ilizileta.” Sikumkatalia hata mara moja, hata kwa adabu ya mdomo. Alipanda gari la Rutshuru kesho yake asubuhi na begi lenye fishi tupu ishirini na nne, na mimi nikaenda Kibumba, mahali salama, nikafanya kazi safi.

Alirudi baada ya siku tisa. Alikuwa amevaa ndala za padri wa parokia ya kule, kwa sababu viatu vyake vilichukuliwa, na alipokaa kwenye kiti hakuegemea. Watu wenye bunduki walikuwa wamemkamata kwenye njia ya vijiji vya mbele, wakamuuliza ni jeshi gani lililomtuma kuandika majina ya wenye mashamba. Walimpiga na vitako vya bunduki mgongoni, wakamshikilia siku nzima, wakamrudisha alikotoka na kumwambia wakimwona tena hatahitaji viatu. Mama Zawadi alimkanda kwa maji ya moto huku akimsemesha polepole kama anavyosemeshwa mgonjwa. Alipotoka kwenda kuchota maji mengine, Faustin aliniegemea sikioni. “Fishi ziko ishirini na ine,” alisema. “Kumi na tatu ni batu. Kumi na moja ni miye. Nilizijaza kwa parokia.” Akanisogezea karatasi. “Nabajua, Kahindo. Najua mashamba yao, najua wangesema nini. Kama ningerudi na kumi na tatu, Profesa angeuliza za kwako ziko wapi.” Nikamwambia hakuna mtu atakayejua. Nilizichukua zile kumi na moja kwa mkono wangu, nikakaa kwenye kompyuta, na nikaziingiza zote kabla ya chakula, jibu baada ya jibu, kimya. Nakumbuka sambaza za siku ile. Nilikula vizuri.

Profesa alikuja mwishoni mwa kiangazi na hakuanza na salamu zake za kawaida. Alimtuma Faustin mjini akanunue wino wa printa, akafunga mlango, akanimiminia chai mwenyewe. Alikuwa na karatasi kumi na moja mbele yake. “Watu husahau,” alisema kwa Kifaransa chake cha taratibu. “Hukosea miaka, hujikanusha, hukataa kujibu. Hawa kumi na moja hawasahau kitu na hawakatai kitu. Wewe ndiye uliyeziingiza. Hukuona?” Wengine husema kwamba wakati kama huo kichwa huzunguka, mtu hajui atoacho kinywani. Kichwa changu hakikuzunguka. Niliona mambo wazi kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Niliona kwamba akianguka mmoja, nafasi ni ya mwingine. “Faustin hakufika kwenye vijiji vya hawa kumi na moja,” nilisema. “Aliniambia baadaye.” Profesa alivua miwani. “Na kwa nini alikwenda yeye? Kwenye orodha ni jina lako.” Nikasema, “Alitaka kwenda yeye. Kule ni kwao.” Neno “baadaye” lilikuwa uongo: aliniambia kabla sijagusa kompyuta. Mengine yote yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyommaliza. Sikutaja machozi yangu, sikutaja mgongo wake, sikutaja kwamba kila fishi moja katika zile kumi na moja ilijazwa ili mimi nisiulizwe. Chai ilikuwa bado moto. Nikainywa yote.

Faustin aliporudi na wino nilikuwa nimehamia jikoni kwa Mama Zawadi, ninachambua maharagwe kwenye ungo. Mazungumzo yote yalipita kwenye ukuta. Profesa alimuuliza kama ni kweli. Alisema ni kweli. Alimuuliza nani mwingine alihusika. Nikashika punje moja ya haragwe na sikuiachia. “Ni mimi,” Faustin alisema. “Ni mimi peke yangu.” Alimuuliza tena kwa nini alibadilisha vijiji, na yeye akajibu vilevile nilivyojibu mimi, kama tulipanga: kule ni kwetu. Hakusema hata kwamba alipigwa. Mama Zawadi alikuwa amesimama na mwiko mkononi, ananiangalia. Alikuwa amesikia mazungumzo ya kwanza, na sasa alisikia ya pili. Alichukua ule ungo mapajani mwangu, akaenda kuchambua yale maharagwe mwenyewe. Muda kidogo Faustin alitoka, akanikuta kwenye ua. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu, lakini aliposema alisema ili kunituliza. “Kompyuta imemwonyesha,” alininong'oneza. “Lakini usiogope. Jina yako sikuitaja.”

Nimeishi na maneno hayo katika nchi mbili na nyumba sita. Nilikuwa na ua mzima wa Mama Zawadi wa kumjibia, na nilisema, “Aksanti.” Faustin aliondolewa kazini wiki hiyo. Goma ni mji mdogo kwa watu wa kazi za mashirika. Wakuu wa ofisi hula meza moja, na habari ya mtu aliyebuni watu kumi na mmoja ilimtangulia kila mlango aliogonga. Alipeleka maombi mpaka mvua zikarudi, kisha akachukua kazi ya ualimu ambayo wengine waliikataa. Mimi nilihamishiwa kwenye meza yake, karibu na dirisha, na karatasi zangu za chuo zikaja mwezi uliofuata. Mama Zawadi aliendelea kuniletea chakula saa sita, sahani imefunikwa vizuri, ila alikuwa akiiweka na kuondoka. Siku ya safari Faustin alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Alibeba sanduku langu begani mpaka mpakani, huku akisimulia wanafunzi wake wanavyoliharibu jina la mji wa Paris, na tulipofika kwenye kizuizi alilishusha taratibu. “Kule baridi ni kali,” alisema. “Usivae ya uzuri, uvae ya moto.” Nilimwahidi barua. Niliandika mara mbili. Alijibu ya kwanza. Miaka minne baadaye nilimaliza udaktari wangu juu ya mashamba ya watu wa Rutshuru, na kwenye ukurasa wa shukrani jina lake lipo, la tano kutoka juu, kati ya mpiga ramani na dereva.

Siku iliyofuata mazishi nilirudi Mabanga kuaga. Watu walikuwa wamepungua, wazee wachache tu wamebaki chini ya turubai. Binti mmoja aliniomba tukae pembeni. Aliitwa Diane, binti wa kwanza wa Faustin, aliyezaliwa mwaka ule ule nilioondoka; alikuwa amemaliza chuo na, kama vijana wengi wa mji huu, alikuwa akitafuta kazi yoyote ya utafiti. Alizungumza kwa heshima, macho yakiwa chini. “Mama Dokta, nilitaka kukuandikia tangu mwaka jana. Papa alikatala. Alisema niandikie profesa yeyote ule ninataka, isipokuwa weye. Nikimuuliza juu ya nini, ananyamaza.” Kisha akatoa barua kwenye mfuko wa nguo yake. Aliikuta, alisema, katika vitabu vya baba yake walipokuwa wakitafuta cheti cha ubatizo. Ilikuwa barua ya kumwondoa kazini, yenye sahihi ya Profesa. Mstari wa pili ulisema kwamba uamuzi umechukuliwa kufuatana na ushuhuda wa mwenzako. Niliangalia tarehe. Faustin alikuwa nayo mkononi majuma mengi kabla hajanibebea sanduku.

“Huyu mwenzake ni nani?” Diane aliuliza. “Mlikuwa wawili tu, si ndiyo?”

“Ni mimi,” nilisema. Na safari hii nilisema yote: orodha, machozi, ndala za padri, kompyuta, chai. Hakunikatiza. Alikuwa na ile namna ya baba yake ya kungoja mutu amalize.

“Hiyo yote barua haisemi,” alisema.

“Haisemi kwa sababu sikumwambia Profesa.”

Alitikisa kichwa pole pole. Mimi nikataka kufanya jambo jema, jambo la haraka. Nikamwambia kwamba sasa nina mradi wangu mwenyewe kwenye chuo kile, kwamba mwezi ujao tunatafuta wasaidizi wawili hapa Goma, na kwamba mmoja wao huenda akaja kusomea udaktari kwangu. “Nafasi moja ni yako, mwanangu,” nilisema. “Usiwe na wasiwasi.”

Diane aliinua macho kwa mara ya kwanza. “Bila kusoma karatasi yangu hata moja?” aliniuliza. “Bila kujua kama ninaweza?” Aliikunja barua ya baba yake, akairudisha mfukoni. “Na wale wengine wataandika maombi yao, watangoja kwenye ngazi, na kumbe nafasi iliisha kutolewa,” alisema, si kwa hasira. “Papa alijua kitu alikuwa anasema.” Kisha akaniaga vizuri, kwa mikono miwili, kama inavyostahili mtu wa umri wangu, akaenda kuwamiminia wazee chai.

Tangazo letu lilitoka mwezi uliofuata. Maombi yalikuja mengi kuliko tulivyotarajia, mengine yameandikwa kwa simu na watu ambao umeme wao ulikatika katikati ya sentensi. Wenzangu walipendekeza tugawane kazi ya kuyachuja. Niliomba niyasome yote mimi mwenyewe, jina baada ya jina, mpaka la mwisho. Lake halikuwemo.